Fomu ya Ojwang', Fundi Baiskeli wa Pap Onditi

Nyinyi vijana mlioajiriwa juzi kwenye maabara mmeniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukikusanya damu zamani. Nitaandika, lakini sijui kuandika kwa kufuata mstari. Shule yangu iliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilihudhuria nusu tu, kwa sababu nusu nyingine nilikuwa nafukuza ndege kwenye mtama. Nikitoka njia mnivumilie, nitarudi.

Jambo moja mlijue mapema. Sindano haikunitisha hata siku moja. Kilichonitisha ni fomu. Mpaka leo nikiona karatasi yenye nafasi za kujaza, naisukuma mbali, na mke wangu anajua, ndiyo maana barua za serikali anazifungua yeye.

Kazi niliingia miaka ya themanini kama mfagiaji wa kituo kimoja cha utafiti hapa Kisumu. Aliyenitoa kwenye ufagio ni Mzee Hamisi, fundi wa maabara, mtu wa Kaloleni ya hapa mjini, nyuma ya msikiti. Siku moja msaidizi wake hakuja, tulikuwa tunakwenda kutoa damu ya malaria, akaniangalia mikono. Akasema, "Absalomu, vidole vyako havitetemeki. Weka ufagio chini." Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa mtu wa damu. Kule vijijini wakaniita Jaremo, yaani mtu wa damu kwa Kijaluo, jina la kunidhihaki, na nikalizoea.

Hamisi alinifundisha kwamba mshipa hautafutwi kwa macho. Unautafuta kwa kidole, unabonyeza, na ukirudi juu polepole kama tairi iliyojaa nusu, huo ndio wenyewe. Wavuvi hawana shida, mishipa yao imesimama kama kamba za nyavu. Mama wanene wa sokoni unawaambia waoshe mikono kwa maji ya moto kwanza, wasijue kwamba ni kwa faida yako. Na sindano inapoingia, muulize mtu habari za ng'ombe wake. Kama hana ng'ombe, muulize habari za shemeji yake. Hakuna mtu anayeweza kuumia na kusema shemeji wakati mmoja.

Tulikuwa na tabu ya kachinja. Nyinyi mnacheka, lakini wakati ule watu waliamini kabisa kuna watu wanaopita na gari kunyonya damu za wenzao na kuziuza, na watu hao waliitwa kachinja. Sasa wewe unafika kijijini na gari, na sindano, na sanduku lenye baridi. Mtu akimbie nini tena? Kuna mzee mmoja alisimama mlangoni kwake na panga, akatuambia kwa upole kabisa, "Kama munataka damu, ingia ndani chukua ya mke wangu. Yangu bado iko kazini."

Lakini damu ya malaria ilikuwa mchezo. Unachoma kidole, tone moja kwenye kioo, umemaliza. Kazi iliyonitoa jasho ilikuja miaka ya tisini, magugu maji yalipokuwa yanaanza kufunga ziwa. Ilikuja na daktari kutoka Nairobi, mama mmoja mpole, mwembamba, tukamwita Dokta tu. Alitukusanya na kusema kwamba kuna wataalamu ng'ambo wanaotaka kujua watu wa dunia wanafananaje ndani ya damu, na kwamba kutoka pande zetu wanahitaji watu arobaini wa ziwani.

Nilimuuliza, "Arobaini wa nini, Dokta? Wagonjwa?"

"Wazima. Sitafuti ugonjwa. Natafuta asili."

Sikuelewa. Aliona sikuelewa, akanipeleka dirishani, ambapo mama mmoja alikuwa anaanika omena, dagaa wa ziwani, kwenye uwanja wetu, jambo lililokatazwa, lakini tulimwacha. Akasema, "Tuseme una fungu la samaki kutoka kila ufuo, la Dunga, la Usenge, la Homa Bay, na unajua hakika kila fungu limetoka wapi. Mtu akikuletea samaki asiyemjua, utafanya nini?"

"Nitamlinganisha na mafungu."

"Ukiona nusu anafanana na wa Dunga na nusu anafanana na wa Usenge?"

"Nitasema wazazi wake waliogelea mbali."

Akacheka. "Basi hiyo ndiyo kazi. Sasa niambie, kama yule aliyekupangia fungu la Dunga alitia samaki watatu wa Usenge ndani bila kujua?"

Hapo ndipo hofu ilipoanza, na haikuniacha. Niliona kwamba miaka mingi baadaye, mtu nisiyemjua, labda hata hajazaliwa, atatoa damu yake aambiwe asili yake ni ipi, na jibu lake litategemea kama mimi Absalomu wa darasa la nne nilipanga fungu vizuri. Nyinyi leo mnatema mate kwenye kichupa, mnatuma, inarudi karatasi yenye asilimia, mnaishangilia kama matokeo ya mtihani. Ile karatasi haisemi wewe ni nani. Inasema unafanana kiasi gani na watu ambao mtu fulani kama mimi aliwakuta nyumbani siku hiyo.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, kila anayetoa damu lazima babu zake wawili na nyanya zake wawili wawe wote watu wa hapa. La pili, watu wawili wa ukoo mmoja wa karibu wasichukuliwe, kwa sababu damu yao ni kama damu moja umeihesabu mara mbili. Hamisi alisikia sharti la kwanza akapiga makofi. Babu yake mmoja alikuja na misafara kutoka pwani, mwingine alikuwa askari Mnubi, nyanya mmoja ni Mjaluo wa Kano, na wa nne alikuwa hataki kuulizwa. "Basi mimi nje," akasema. "Mimi ni ugali wa unga wa aina nne. Dokta, mimi nitabeba tu sanduku."

Sanduku lenyewe lina hadithi yake, niwape kwa haraka. Chupa zilikuwa za aina mbili. Zenye kifuniko cha zambarau zilipenda baridi. Zenye kifuniko cha manjano zilikuwa na damu ambayo chembe zake zilitakiwa zifike ng'ambo zikiwa hai, na barafu inaziua. Nani aliniambia? Waliniambia. Nani alisikiliza? Kule Bondo siku ya kwanza jua lilikuwa kali, nikaihurumia damu ya watu, nikazizika zote kwenye barafu, za zambarau na za manjano, nikafunga vizuri kama mama anayefunga mtoto. Hamisi alilifungua sanduku tulipofika Kisumu, akashika chupa moja ya manjano, akanitazama. "Absalomu. Umeua watu kumi na wawili kwa siku moja." Tukarudi Bondo kuomba tena. Mama mmoja pale alitunyooshea mkono mwingine na kutuuliza, "Ile ya kwanza mulikunywa?"

Sasa narudi kwenye njia.

Kijiji cha Pap Onditi tulikwenda siku tatu. Wa mwisho kwenye orodha alikuwa Ojwang', fundi wa baiskeli, kijana wa miaka thelathini na kitu, mikono myeusi kwa grisi, mcheshi. Nilimfuata nyumbani kwake, ambako aliishi na nyanya yake, mama ya baba yake, bikizee mdogo kama kuku wa kienyeji, ambaye wote walimwita Dani, kama tunavyowaita mabibi zetu. Nilimuuliza Ojwang' maswali ya fomu, na majina ya zamani akajibu Dani. Baba ya baba ni nani? Akataja jina. Wa ukoo gani? Wa hapa hapa. Alifia wapi? Alikwenda kubeba mizigo kwenye vita vya Wajerumani, vile vya kwanza, hakurudi. Baba ya Ojwang' alizaliwa lini? Mwaka nzige walipokula mtama wote. Nikaandika. Mwandiko wangu ni wa kuku, lakini niliandika yote. Nikatoa damu, nikampa Ojwang' soda na Dani sukari.

Tukiwa tunatoka alifika Okumu, binamu yake Ojwang', mtu mkubwa, mwenye kinu cha kusaga mahindi. Akasema na yeye yuko tayari. Nikamwambia haiwezekani, babu zenu ni ndugu, tumeshamchukua mmoja. Hakupenda. "Kwa nini yeye? Damu yake iko na nini?" Niliona kuna jambo kati yao, na Ojwang' mwenyewe aliniambia baadaye: kulikuwa na shamba moja la mtoni, lenye udongo mweusi, la baba yake, ambalo Okumu alilitaka, na wazee walikuwa wanajiandaa kukaa kikao juu yake. Ojwang' hakuwa na shamba lingine. Shikeni hilo.

Wiki iliyofuata, Hamisi alikuwa anapitia fomu ofisini. Alivua miwani, akaivaa, akavua tena.

"Absalomu. Njoo unisomee hii."

Nikamsomea.

"Vita vya Wajerumani viliisha lini?"

"Zamani."

"Na nzige?"

"Baadaye sana. Mama yangu alikuwa msichana mkubwa wakati wa nzige."

"Miaka kumi na zaidi baada ya vita." Akaweka kidole kwenye karatasi. "Sasa huyu mzee wako alimzaa mtoto akiwa kaburini?"

Vijana, mimi niliinama kama mtu aliyepigwa. Kwa sababu niliona kosa, na niliona pia kwamba lilipita mbele ya macho yangu kwa sababu halikuwa kosa kwetu. Kwetu mwanamume akifa, mjane wake anabaki palepale bomani, anarithiwa na mwanamume mwingine, na watoto watakaozaliwa ni wa marehemu. Wanaitwa kwa jina lake. Wanarithi ardhi yake. Aliyemrithi mjane anakula, analala, anaondoka. Huyo mtoto ukimuuliza baba yako ni nani, atakutajia marehemu, na hadanganyi. Mimi mwenyewe nina shangazi aliyezaliwa hivyo. Dani alinijibu ukweli mtupu, nami nikaandika ukweli mtupu, na damu kwenye chupa ilikuwa haiujui ukweli huo.

"Labda aliyemrithi ni ndugu ya marehemu," nilisema. "Hapo damu inabaki ya ukoo."

"Labda. Umeuliza?"

Sikuuliza. Hamisi akasema, "Basi kaulize. Lakini Absalomu, kaulize kama mtu anayeulizia choo kwenye nyumba ya mkwe. Polepole."

Angekwenda yeye mwenyewe ningekuwa na mambo machache ya kuandika leo. Usiku wote huo fungu la Dunga lilinizunguka kichwani. Asubuhi nilifika Pap Onditi na lori la mahindi, na sikukumbuka kwamba ilikuwa siku ya soko. Ojwang' alikuwa chini ya kibanda chake amepindua baiskeli, watu wamemzunguka. Ningesubiri. Ningemwita pembeni. Badala yake nilikuwa na haraka ya mtu mwenye hofu, nikachuchumaa pembeni yake na kusema, sauti ambayo mimi niliiona ndogo:

"Omera, ndugu yangu, nina swali dogo kuhusu ile damu. Yule aliyemrithi Dani alikuwa nani? Maana aliyezaa baba yako si yule mliyeniandikisha."

Spana ilianguka. Mwenye baiskeli iliyopinduliwa akageuka. Alikuwa Okumu.

"Rudia," akasema.

"Hakuna kitu, ndugu."

"Umesema damu imeonyesha baba yake si wa kwetu."

"Sijasema hivyo!"

"Watu wamesikia! Nyinyi hamujasikia? Dokta amepima damu, ameona Ojwang' si wetu!" Sasa alikuwa anaongea na soko zima. "Ndiyo maana sisi tulikuwa tunashangaa, huyu mtu mfupi hivi ametoka wapi. Jaremo, asante. Na kama yeye si ndugu yangu, mbona mulinikatalia soda?"

Watu walicheka. Ojwang' hakucheka. Aliokota spana, akaifuta kwa kitambaa, akaendelea kukaza nati ile ile ambayo ilikuwa imeshakazwa. Hakuniangalia. Nilipanda lori lililokuwa linarudi Kisumu na sikumbuki njia.

Baada ya siku mbili akaja kituoni. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Nilimkaribisha kiti, akakataa.

"Jaremo, hiyo damu yangu iko wapi?"

"Iko Nairobi. Pengine imeshapanda ndege."

"Irudishe."

"Ojwang', hairudi."

"Mimi nilikuja kwako? Ulikuja kwangu. Nilikunyooshea mkono, ukanipa soda, sasa unanitoa kwetu. Wazee wanakaa Jumamosi. Okumu anatembea kila boma akisema dokta amenikataa. Nikitolewa pale nitakwenda wapi? Wapi, niambie. Nina watoto wanne. Nitawapanda kwenye baiskeli?"

Aliendelea kusimama, kisha akasema, polepole zaidi, na hili ndilo liliniumiza: "Na mimi mwenyewe sasa sijui. Nimelala na hiyo maneno siku mbili. Nikimwangalia mtoto wangu naangalia pua."

Alipoondoka nilikwenda kwa Dokta nikamweleza kila kitu, kuanzia nzige mpaka spana. Nilidhani atanifukuza. Alifungua rejista, akapiga mstari juu ya nambari ya Ojwang'. Akaandika barua ng'ambo kwamba chupa yenye nambari ile isitumike. Nikamwambia, "Dokta, ukipiga mstari, Okumu atasema ndiyo ushahidi." Akasema, "Nisipopiga, nitakuwa nimeandika nisichokijua. Mstari huu unasema hatujui, Absalomu. Hausemi zaidi ya hapo." Rejista akaifungia kabatini, na ufunguo akauweka mfukoni. Majina yalikaa kwake, ng'ambo zilikwenda nambari tupu. Shikeni na hilo, kwa sababu kuna wakati jina la mtu na nambari yake havitakiwi kulala nyumba moja.

Jumamosi wazee waliniita nikatoe ushahidi. Hamisi alinisindikiza. Siku hizo nilikuwa sili. Mke wangu alisema suruali yangu imeanza kuvaliwa na mtu mwingine. Njiani Hamisi aliniambia neno moja tu: "Sema unachokijua, halafu funga mdomo. Ukitaka kumsaidia mtu kwa maneno mengi utamzika."

Walikaa kwenye darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Ojwang' upande huu, Okumu upande ule, na Dani kwenye kiti pekee cha kweli, cha mwalimu, miguu haifiki chini. Nje ya madirisha kijiji kizima.

Mwenyekiti akasema, "Jaremo, simama. Damu imesema nini?"

"Damu haijasema kitu, mzee. Haijasomwa."

Minong'ono. Okumu akaruka. "Anaogopa! Aliuliza mwenyewe sokoni!"

"Ni kweli niliuliza," nikasema. "Niliuliza kwa sababu fomu nilijaza vibaya. Mimi sikusoma. Miaka niliyoandika haikupatana, bosi wangu akaona, akanituma. Damu hata hawajaifungua. Na wakiifungua, haiwezi kusema huyu ni mtoto wa nani. Wanapima watu kwa fungu, hawapimi mtu mmoja."

Nilisikia watu wakicheka dirishani, mwingine akasema kwa Kijaluo kwamba serikali imetuma mtu asiyejua kuhesabu aje ahesabu damu. Masikio yalinichoma. Lakini nililolisema lilikuwa kweli lote, nikaketi, nikafunga mdomo kama nilivyoambiwa.

"Basi ni rahisi," Okumu akasema. "Si kuna daktari? Si kuna mashini? Nitoe damu yangu na yeye atoe yake, walinganishe. Tukionekana mbalimbali, anatoka. Mimi siogopi."

Mwenyekiti akakuna kidevu. Niliona anaanza kuipenda hiyo habari, maana ingemwondolea mzigo wa kuamua. Nilimwangalia Ojwang', akawa amefumba macho. Nikataka kusimama niseme kwamba sisi hatufanyi kipimo hicho, na Hamisi akanishika koti.

Dani alikuwa amekohoa. Kikohozi kidogo, lakini darasa lilinyamaza.

"Okumu, mjukuu wangu, umesema vizuri," alisema. "Tupimwe. Mimi nakubali."

Okumu akatabasamu.

"Ila tusipime wawili tu. Mumeketi wengi hapa. Mume wangu alileta ng'ombe kwa baba yangu, mbele ya baba zenu, na kwa hao ng'ombe ndio naitwa wa boma hii. Sasa munasema ng'ombe haitoshi, munataka damu. Sawa. Lakini mimi ndiye niliyeshika watoto wa boma hizi zote wakitoka tumboni. Kila mmoja. Wewe, Okumu, nilikushika. Baba yako nilimshika." Akamgeukia mwenyekiti. "Na wewe nilikushika, mwaka ule baba yako alikuwa Uganda akifanya kazi kwa Wahindi. Alikaa Uganda sana, baba yako. Jaremo, uko na chupa ngapi?"

Nikasema, "Mama, zinaweza kuletwa."

"Lete nyingi."

Vijana wangu, nimekaa kwenye mikutano mingi, lakini sijawahi kuona wazee wakiangalia sakafu kwa bidii namna ile. Mmoja alianza kutafuta fimbo yake iliyokuwa mkononi mwake. Mwenyekiti alikohoa, akasafisha koo, akasafisha tena. Akasema kwamba mambo ya damu ni ya hospitali, na baraza hili ni la ardhi, na ardhi inafuata aliyeoa na ng'ombe waliotolewa, kama ilivyokuwa siku zote, na shamba la mtoni ni la Ojwang', na kikao kimefungwa, na nani ana swali? Hakuna aliyekuwa na swali. Okumu alifungua mdomo, Dani akamwangalia, akaufunga.

Nje, Ojwang' alinipa mkono. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuomba. Aliuliza tu, "Na ile chupa?" Nikamwambia tumeandika barua isitumike. "Wamejibu?" Nikasema bado. Hawakujibu kamwe, ndugu zangu. Dokta aliandika mara ya pili, ikawa kimya. Mpaka nastaafu sijui kama ile damu ilitupwa, au iko kwenye friji huko ng'ambo ndani ya fungu letu, inalinganishwa na watu. Huwa naamka nayo. Kwa hiyo nyinyi, mkijaza fomu, msiulize majina ya mababu peke yake. Ulizeni walikufa lini na watoto walizaliwa lini, mkae na hesabu hapo hapo, kabla hamjafungua sindano. Na ulizeni ndani ya nyumba, mlango umefungwa, anayejibu peke yake. Kama hesabu haipatani, usimsahihishe mtu. Mshukuru, mpe soda yake, na usichukue damu.

Bado kidogo namaliza. Ilipita miezi, mvua ndefu zikaja zikaisha. Siku moja nilikuwa naosha vifaa, saa tano hivi asubuhi, mlinzi akaniambia kuna mgeni kwenye benchi. Nikatoka. Alikuwa Okumu, peke yake, amekaa pembeni kabisa mwa benchi kama mtu asiyetaka kuchukua nafasi ya wagonjwa, na mkono wa kushoto wa shati ameshaupandisha mpaka juu ya kiwiko.

Nilidhani ni lile shamba tena.

"Hapana," akasema. "Hiyo ilikwisha." Alitazama mlango, akashusha sauti. "Jaremo, siku ile Dani alipokuwa anaongea. Alipotaja baba yangu. Uliona aliniangalia vipi?"

"Aliwaangalia wote."

"Mimi aliniangalia zaidi." Akanyoosha mkono kwangu. Mkono mkubwa wa mtu wa kinu, una unga kwenye mikunjo. "Toa kidogo tu. Usiandike jina. Mimi nataka kujua tu, halafu nitanyamaza."

Nilikaa kando yake. Nilimweleza tena, taratibu, kwamba hatupimi mtu mmoja, kwamba hakuna mashini hapa ya kumwambia hilo, na hata ingekuwepo, ingehitaji damu ya watu waliokwisha kuzikwa. Alisikiliza yote akitikisa kichwa kama anayekubali, na mkono wake ukabaki pale pale, umenyooka, kiganja juu.

"Dani mwenyewe si yuko?" nikasema. "Kamuulize."

Okumu alinitazama kwa macho ya mtu aliyeambiwa aingie ziwani na mamba.

"Naogopa atanijibu," akasema.